BRUDA GABRIEL NA BRUDA ANDREAS: WATAWA WAWILI WA NJIA YA LIWALE

Tarehe 14 Agosti ya kila mwaka Kanisa Katoliki hufanya kumbukumbu ya Mtakatifu Maximilian Maria Kolbe, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Fransisko, aliyeuawa mwaka 1941 katika kambi ya mateso ya Auschwitz huko Poland. Wengi wetu tumekwisha kusikia habari zake. Lakini sisi tunaoishi Kibiti na huku chini kwenye delta ya mto Rufiji tunayo sababu ya pili ya kuikumbuka tarehe hiyo, na sababu hiyo iko karibu nasi zaidi. Miaka 36 kabla ya Padre Kolbe, yaani tarehe 14 Agosti 1905, mkesha wa Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, watawa watano waliuawa pamoja mahali palipoitwa Mikukuyumbu, katika njia ya kutoka Kilwa kwenda Liwale. Walikuwa Askofu Cassian Spiss, Bruda Gabriel Sonntag, Bruda Andreas Scholzen, Sista Felicitas Hiltner na Sista Cordula Ebert.

Mara nyingi utasikia wakitajwa hivi: "Askofu Spiss na wenzake". Basi, akina mama wenzetu, leo tungependa tukae kidogo na hao wenzake. Na hasa wale mabruda wawili, maana askofu ana jina lake katika orodha ya maaskofu wa Dar es Salaam, na masista wanakumbukwa na masista wenzao, lakini bruda ni nani wa kumkumbuka?

Tunayo pia sababu nyingine ya kuandika. Sisi Wakristo wa Kibiti ni wachache. Jirani zetu wengi ni Waislamu, tunachota maji kisima kimoja, tunazikana, na katika wodi ya wazazi kitanda cha Mwanahawa kiko ubavuni mwa kitanda cha Maria. Siku moja watoto wa mafundisho walipohadithiwa habari za Mikukuyumbu, mmoja wao aliuliza kama waliomwua askofu walikuwa mababu wa wenzake anaocheza nao mpira. Swali hilo lilitukosesha usingizi. Mtoto akijibiwa vibaya swali kama hilo, jibu hulikuta uwanja wa mpira kabla ya jua kutua.

BRUDA NI MTU GANI?

Kwa wasomaji wa madhehebu mengine yafaa tueleze. Bruda ni mtawa wa kiume aliyeweka nadhiri za ufukara, useja na utii, lakini si padre. Haadhimishi Misa wala haungamishi watu. Hasimami mimbarani. Mtakatifu Fransisko wa Assisi alipenda watawa wake wote waitwe ndugu wadogo, hata wale waliokuwa mapadre, na Padre Kolbe alikuwa mmoja wa wana wake. Watawa watano wa Mikukuyumbu hawakuwa Wafransisko, walikuwa Wabenediktini. Mwanamume watatu kati yao walitoka katika shirika la Mtakatifu Ottilien la kule Bavaria, Ujerumani, lililoanzishwa mwaka 1884 kwa ajili ya kazi ya misioni. Masista nao walitoka katika shirika dada, ambalo makao yake makuu yalihamia Tutzing mwaka 1904.

Anayetaka kujua bruda hufanya kazi gani aende Peramiho au Ndanda. Atazame matofali, milango, mabomba ya maji, mashamba, karakana za seremala na za mhunzi. Vitu hivyo havikujengwa na mahubiri. Viliinuliwa na mikono ya mabruda pamoja na mafundi wa Kiafrika waliofundishwa nao. Padre anapofika mahali papya huhitaji paa juu ya altare yake, na masista huhitaji chumba cha kuwalaza wagonjwa. Bruda ndiye aliyekwisha kuamka alfajiri kupima msingi.

Tukiwa akina mama tunaielewa kazi ya namna hiyo bila kufafanuliwa sana. Ni kazi inayoonekana siku isipofanyika. Maji yakiwamo mtungini hakuna anayeuliza yameletwa na nani. Hata hivyo, mara ngapi tumemsikia mama Mkatoliki, tena mcha Mungu, akinung'unika kwamba mwanawe anataka kuwa bruda? "Kwa nini asisome akawa padre kabisa?" Tunataka kijana wetu avae kasula, aje aadhimishe Misa ya shukrani kijijini, tupigiwe vigelegele. Kijana akisema anataka kwenda kuchomelea vyuma kwa ajili ya Mungu maisha yake yote, tunamwona kama aliyefeli mtihani.

Mabruda Wabenediktini walianza kumwaga damu hapa kwetu mapema sana. Walikuwa na misioni Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1888. Mwaka huo huo pwani yote iliwaka moto, watu wa Abushiri wakipinga Kampuni ya Kijerumani iliyotwaa bandari na ushuru wake. Tarehe 13 Januari 1889 misioni ya Pugu ilivamiwa. Waliouawa walikuwa Bruda Petrus Michl, Bruda Benedikt Kantwerg na Sista Martha Wansing. Wengine walichukuliwa mateka, wakaja kukombolewa baadaye. Leo mahujaji wa Jimbo Kuu la Dar es Salaam huenda Pugu kusali. Waumini wa Kibiti wanaposafiri kwenda Dar es Salaam hupita si mbali na hapo.

Kwa hiyo mabruda Gabriel na Andreas walipokuja Afrika, hawakuja mahali ambapo shirika lao halijapata kuzika mtu. Habari za Pugu zilijulikana na kila mtu kule Ujerumani. Walikuja wakijua.

TUANZE KWETU RUFIJI

Huwezi kueleza kifo cha Mikukuyumbu kwa kuanzia Mikukuyumbu. Lazima uanzie huku.

Ukitoka Kibiti ukapita Ikwiriri, ukavuka daraja refu la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, unaingia upande wa Muhoro, mji mdogo ambao mafuriko ya mwaka 2024 yaliutesa vikali. Zamani uliandikwa Mohoro, na Wajerumani walikuwa na kituo chao hapo. Upande wa magharibi, ndani kabisa, iko Ngarambe. Kusini yake ni milima ya Umatumbi, na huko kuna Nandete na Kibata. Katika pembe hii ya nchi, si Dar es Salaam wala Songea, ndipo ilipoanzia vita ya Majimaji.

Serikali ya Wajerumani ilikuwa imeweka kodi ya nyumba tangu mwaka 1898, rupia tatu kwa mwaka. Kisha, kuanzia mwaka 1902, wakati wa Gavana von Götzen, ikaamrisha mashamba ya pamba ya pamoja. Kila jumbe alitakiwa kuwa na shamba, na watu wake walitakiwa kulilima. Kwa hesabu ya ofisini ilikuwa siku 28 kwa mtu kwa mwaka; shambani hesabu ilikuwa nyingine, na msimamizi alikuwa na kiboko. Malipo yalikuwa madogo hata baadhi ya watu walikataa kuyapokea.

Yeyote aliyelima mpunga bondeni huku anajua maana ya kuondolewa shambani wakati wa palizi. Hapa kwetu watu huhamia mashambani, wakalala juu ya madungu, mama na watoto wake wakipiga makelele usiku kucha kufukuza nguruwe. Sasa mwanamume akiwa kwenye pamba ya jumbe, ni nani atakayekaa dunguni? Na nguruwe hajui kwamba baba mwenye nyumba ameitwa na serikali. Wazee wanapozungumzia vita vile hutaja mapanga na bunduki. Sisi tunadhani vita vilianza na chakula cha watoto.

Mwaka 1904 huko Ngarambe alitokea mtu aliyeitwa Kinjikitile Ngwale. Masimulizi yanasema alichukuliwa na pepo aliyeitwa Hongo, akazama katika kidimbwi, ndugu zake wakamlilia, na kesho yake akatoka majini nguo zake zikiwa kavu. Akaanza kuwapa watu dawa, maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za mtama. Watu walimiminika Ngarambe kutoka kila upande. Aliwaambia kwamba maji yale yangezifanya risasi za Mjerumani zisiwadhuru, na kwamba watu wa makabila yote ni kitu kimoja. Jambo la kwanza halikuwa kweli. Jambo la pili Tanganyika ilikuja kulihitaji sana miaka mingi baadaye.

Tunapenda kuwa na haki hapa. Baadhi ya vitabu vya zamani vya dini vilimwita Kinjikitile mchawi na kumaliza habari yake kwa neno hilo moja. Katika kazi yetu ya hospitali tumewaona wazazi, Wakristo kwa Waislamu, tena waliosoma, ambao mtoto akizidiwa usiku wa manane watapokea chochote watakachopewa na yeyote atakayesema kinaponya. Hawa si wajinga. Ni watu waliokaliwa na hofu, na mwenye hofu hachagui kikombe. Umma mzima wa Rufiji na Umatumbi mwaka 1905 ulikuwa katika hali hiyo.

Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba katika shamba la serikali, na hiyo ndiyo ilikuwa tangazo la vita. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile hapo Mohoro. Walidhani wamekata mzizi. Lakini maji yalikwisha kutoka Ngarambe, yamefika Liwale.

SAFARI YA KWENDA PERAMIHO

Askofu Cassian Spiss alizaliwa mwaka 1866 huko Tirol, nchi ya milima ya Austria. Mwaka 1898 alianzisha misioni ya Peramiho katika nchi ya Wangoni. Alijifunza lugha za watu hadi akaandika sarufi ya Kingoni na Kisutu. Mwaka 1902 alifanywa askofu wa Dar es Salaam, na kanisa kubwa la Mtakatifu Yosefu, lile lenye mnara unaotazama bandari, lilikuwa likikamilishwa katika miaka hiyo. Angeweza kukaa mjini kwenye upepo wa bahari. Lakini sehemu kubwa ya eneo lake ilikuwa kusini, na kusini hakukuwa na reli wala barabara ya gari. Kulikuwa na miguu.

Mwezi Agosti 1905 alipanda meli kwenda Kilwa pamoja na wale mabruda wawili na masista wawili. Kutoka Kilwa walipaswa kutembea kupitia Liwale hadi Peramiho, safari ya majuma kadhaa, wapagazi wakiwa wamejitwika mizigo. Masista Felicitas na Cordula walikuwa wanakwenda kazini huko.

Tutafakari safari hiyo kidogo, kwa maana wengi wetu tumeipita njia hiyo kwa basi, tukakata kona Nangurukuru kuelekea Liwale na kulalamikia vumbi. Ilikuwa kiangazi. Miombo imepukutisha majani, mchanga unachoma, visima vimekauka. Mwanamke wa Kizungu wa wakati ule alivaa shela na vazi la kitawa lililofika vifundoni. Katika msafara wa namna hiyo askofu ndiye anayezungumza na majumbe, na masista hutibu vidonda vya wapagazi jioni. Mengine yote, hema, mizigo, kuni, maji, kumwinua aliyeanguka, humwangukia bruda. Ndiyo kazi aliyoiitikia siku ile alipoweka nadhiri. Na tusiwasahau wapagazi, ambao walikuwa waume wa watu na baba wa watoto kama waume zetu.

Tarehe 14 Agosti, huko Mikukuyumbu, wapiganaji waliwakuta. Wote watano waliuawa. Askofu alikuwa na umri wa miaka 39. Kinjikitile alikuwa ameuawa siku kumi tu zilizotangulia.

Kesho yake, kote duniani, watawa wenzao waliimba masifu ya Kupalizwa kwa Bikira Maria bila kujua.

Yaliyofuata ni mabaya kuliko hayo. Mwishoni mwa mwezi huo huo misioni ya Nyangao iliangamizwa, na Sista Walburga Diepolder akapoteza maisha yake. Mwezi Septemba Peramiho yenyewe iliteketezwa kwa moto, na Padre Franziskus Leuthner akauawa. Halafu jeshi la Wajerumani likaja na bunduki za rashasha, na maji hayakuzuia kitu. Ilipoonekana kwamba wapiganaji wamejificha porini, wakuu wa jeshi waliamua kutumia njaa. Vijiji vikachomwa, maghala yakachomwa, mazao yaliyokuwa shambani yakateketezwa. Serikali ya Wajerumani ilihesabu watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria waliofanya utafiti baadaye wamesema hesabu ni kubwa zaidi ya hiyo, hata kufikia 250,000 au 300,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi bali kwa njaa na maradhi yaliyofuata njaa.

Sisi tuliosomea uuguzi tunajua njaa huanza na nani. Huanza na mtoto aliyeachishwa ziwa karibuni, kisha mama mjamzito. Nywele hugeuka rangi, miguu huvimba, mtoto huacha kulia. Bondeni Rufiji na Umatumbini, miaka ya 1906 na 1907, hapakuwa na kliniki wala unga wa lishe. Wanawake hao hawakuwa wamechukua silaha yoyote.

JE, NI WAFIADINI?

Hapa tunafika penye ugumu, na hatutaki kuuruka.

Mfiadini, kwa mafundisho ya Kanisa, ni mtu aliyeuawa kwa sababu ya chuki dhidi ya imani. Je, wapiganaji wa Liwale waliwachukia watawa wale kwa sababu ya Kristu? Au waliwaona Wazungu tu, wakawaweka katika kapu moja na mwenye kiboko? Wabenediktini wamewaheshimu tangu zamani kama mashahidi wa imani. Roma haijawatangaza kuwa wenyeheri. Sisi si watu wa kutoa hukumu hiyo, lakini Mtakatifu Maximilian Kolbe anaweza kutusaidia kufikiri, kwa kuwa habari yake ilizusha swali lile lile.

Mwishoni mwa mwezi Julai 1941 mfungwa mmoja alitoroka Auschwitz. Kwa kulipiza, naibu mkuu wa kambi aliamuru watu kumi wachaguliwe wafungiwe bila chakula wala maji mpaka wafe. Mmoja wa waliochaguliwa, askari wa Poland aliyeitwa Franciszek Gajowniczek, alilia akiwataja mkewe na watoto wake. Ndipo mfungwa namba 16670, mtu mwembamba mwenye mapafu yaliyokwisha kuharibiwa na kifua kikuu, akatoka mstarini. Akasema yeye ni padre Mkatoliki na anaomba kufa badala ya mwenye familia. Wakamkubalia. Baada ya majuma mawili ndani ya chumba kile walikuwa wamebaki hai wanne, naye Kolbe akiwa mmojawao. Walimalizwa kwa sindano ya asidi ya kaboliki. Inatuumiza kila tunapoisoma habari hiyo, kwamba sindano, chombo chetu cha kila siku, ilitumika hivyo.

Gajowniczek alirudi nyumbani baada ya vita. Mkewe Helena alikuwa hai. Watoto wao wawili wa kiume walikuwa wamekwisha kuuawa mwaka 1945. Mama msomaji, uipime habari hiyo polepole. Padre alikufa ili watoto wasikose baba, na watoto hawakuwapo kumpokea. Hakuna anayesema kwamba kwa hiyo alikufa bure. Gajowniczek aliishi akisimulia habari za Kolbe hadi alipofariki mwaka 1995, akiwa na umri wa miaka 93.

Sasa, Papa Paulo VI alipomtangaza Kolbe mwenyeheri mwaka 1971, hakumtangaza kama mfiadini, kwa kuwa hakuulizwa habari ya imani yake, alijitolea mwenyewe. Lakini Papa Yohane Paulo II alipomtangaza mtakatifu tarehe 10 Oktoba 1982, alimtangaza mfiadini. Papa, ambaye alikuwa Mpoland na aliyaona mambo hayo kwa macho yake, aliona kwamba utawala uliomchukia mwanadamu kiasi kile ulimchukia Mungu pia.

Kwa hiyo hata Mapapa wawili, wote watu watakatifu, walimtazama mtu yule yule kwa namna mbili. Sisi kwa upande wetu tunawaita Gabriel na Andreas wafiadini, tukiwa na maana ya kwamba walikuwa wamekwisha kuutoa uhai wao kabla hajatokea mtu wa kuuchukua. Waliutoa katika ufundi na mizigo na safari ndefu. Mkuki wa Mikukuyumbu uliwakuta kazini. Lakini hatuwaiti wafiadini kwa maana ya kwamba waliowaua walikuwa adui wa Mungu. Waliowaua walikuwa wamedhulumiwa, na dhuluma ilipotafuta mtu wa kulipa, ikawakuta wasiodaiwa.

TUNAWAAMBIA NINI WATOTO?

Lile swali la mtoto wa mafundisho lilijibiwa hatimaye, ingawa si siku ile ile. Aliambiwa kwamba Majimaji haikuwa vita ya Waislamu na Wakristo. Wengi wa wapiganaji walifuata dini za mababu zao, wengine walikuwa Waislamu, na kilichowaunganisha kilikuwa pamba, kodi na kiboko. Aliambiwa pia kwamba mababu wa rafiki zake wa mpira walinyongwa na kufa njaa, na kwamba nao wanastahili kulilia watu wao. Akauliza tena kama basi ni haki kumwua bruda. Akajibiwa kwamba si haki. Akaonekana kuridhika na kwamba majibu yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Watu wazima tulichelewa zaidi kuridhika.

Maana sisi wa huku hatuzungumzi habari za zamani tu. Kati ya mwaka 2015 na 2017 wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji zilipita katika kipindi cha mauaji ambacho hatutakisahau. Wenyeviti wa vijiji na watendaji walipigwa risasi milangoni mwao. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa mara moja. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi Kuu. Watu walihama vijiji, wengine wakaogopa kutoka kwenda kisimani jua likizama, na kila jirani alianza kumtazama jirani yake usoni akijiuliza. Wajane wa kipindi kile tunao, wenye baibui na wenye khanga za WAWATA. Wakati ule tuliona jinsi ilivyo rahisi kumbandika mtu hatia kwa sababu ya vazi lake, dini yake au kijiji alichotoka, na ndivyo walivyofanyiwa watu wa Mikukuyumbu, na ndivyo Wajerumani walivyowafanyia watu wa Rufiji walipochoma maghala bila kuuliza nani alipigana na nani hakupigana.

Huko Songea, tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga wakuu wa Wangoni 67. Baadhi yao walibatizwa na padre siku hizo za mwisho, wakiwa kifungoni. Padre wa Kibenediktini, ambaye askofu wake ameuawa na misioni yake imechomwa, anaingia gerezani kwa watu wanaongojea kitanzi na kuwamwagia maji ya ubatizo. Tunatamani mtu mwenye kalamu kuliko sisi aiandike habari hiyo siku moja kwa ukamilifu wake.

Wabenediktini hawakuondoka. Mwaka 1906, mwaka mmoja tu baada ya Mikukuyumbu, walianza misioni ya Ndanda. Peramiho ilijengwa upya. Mwaka 1927 Sista Thekla Stinnesbeck, daktari, aliwasili Ndanda, na hospitali ikakua mikononi mwake. Wauguzi wengi wa kusini mwa nchi yetu wamepata ufundi wao Ndanda na Peramiho, Wakristo na Waislamu pamoja, na baadhi yao wamekuja kutuhudumia hadi huku Rufiji. Huenda mkunga aliyempokea mwanao alifundishwa katika jengo ambalo msingi wake ulipimwa na bruda usiyemjua jina.

Mwaka huu akina mama wa jumuiya yetu wamekubaliana kukutana jioni ya tarehe 14 Agosti kusali rozari, na kuyasoma majina ya watawa wale watano kwa sauti. Tulipokuwa tukipanga, mama mmoja mwenye asili ya Umatumbi alipendekeza tuongeze jina la Kinjikitile. Pakazuka ubishi. Mmoja alisema hatuwezi kumtaja mtu wa mizimu katikati ya rozari. Mwingine akamwuliza kama wafu wa ukoo wake mwenyewe, waliokufa kabla ya misioni kuja, nao huwa hawaombei. Katekista alipoulizwa alisema kumwombea marehemu yeyote hakujakatazwa popote. Ikakatwa shauri kwamba majina yatasomwa sita, kwa kufuata tarehe: Kinjikitile wa Ngarambe, aliyenyongwa Mohoro tarehe 4, kisha Gabriel, Andreas, Felicitas, Cordula na Cassian, tarehe 14. Askofu tumemweka mwisho. Kisha tutawaombea wapagazi.